Matanga ya Mfaransa Mashimoni

Jumapili, 13 Machi 1977

Mvua imefika kwetu Mashimoni, hapa Kibera, leo mchana, na mimi nimekosa kazi. Hakuna aliyenifuta, maana hakuna wa kunifuta. Mimi ndiye Wabwire, mwenye mkokoteni wa maji unaojulikana kutoka hapa mpaka Sarang'ombe. Lakini mvua ikinyesha kila mtu anatega sufuria chini ya mabati yake, na wateja wangu wa jana wananipita kama hatujawahi kusalimiana. Basi nina nafasi. Mtu mwenye nafasi na gita ni mtu wa hatari, na hilo Chifu analijua kuliko mtu yeyote.

Niandike yalivyo. Mwezi uliopita, kwenye harusi ya binamu yake Khamala, mpiga ngoma wangu, niliimba wimbo wangu unaoitwa "Mwavuli". Chifu wetu akiitisha baraza wakati wa mvua husimama juu ya jiwe chini ya mwavuli mweusi, akatuhubiria subira, na sisi tuko kwenye matope mpaka vifundoni. Mimi nikaimba: Chifu ana mwavuli, sisi tuna mbingu, Chifu anasema ngojeni, sisi tumeshalowa. Ni hayo tu. Kabla wiki haijaisha watoto wa Sarang'ombe walikuwa wakienda shule nao mdomoni. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Jana Chifu akaniita ofisini. Hakunigusa. Alinipa hata kiti. Akasema mvua ikikaribia kuisha D.O., mkubwa wake, atakuja Sarang'ombe, na kwa kuwa Mungu amenipa sauti nitatunga wimbo wa kumsifu Chifu na kuuimba mbele ya huyo mgeni. Mpaka siku hiyo nisiimbe kwenye mkusanyiko wowote bila ruhusa yake. Nikikataa, meza ya mboga ya mathe, mama yangu, pale barabarani itaondolewa. Alisema akitabasamu, halafu akauliza mathe anaendeleaje na mguu.

Mathe wangu ni Nasipwondi. Hiyo meza imenilisha tangu nikiwa wa kubebwa, ikanisomesha mpaka darasa la saba, na kuacha shule niliacha kwa akili zangu mwenyewe. Sijamwambia neno.

Jumanne, 15 Machi

Mvua. Nimeuza debe moja, kwa mlevi.

Alhamisi, 17 Machi

Nimekwenda Kawangware kwa miguu, gita nimelifunga kwenye gunia la plastiki, mimi mwenyewe bila gunia. Mwalimu wangu wa gita anakaa nyuma ya duka la misumari karibu na steji ya 56. Anaitwa Ngandu, Mzaire wa Lubumbashi, mtu mzima mwenye vidole virefu kama vya popo. Zamani alikuwa akipiga gita na bendi mjini, mpaka bendi ikavunjika. Kiswahili chake ni cha kwao. Ananiita mudogo.

Nilimpa hadithi ya Chifu nikitegemea anihurumie. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafungua gramafoni yake na kuweka santuri ya Mfaransa mmoja, Gaspard Lemoine.

Sauti ya huyo Gaspard, nisidanganye, ni mbaya. Ni kama mtu anayegombana ndani ya pipa. Lakini Ngandu alikuwa anatafsiri mstari kwa mstari, na nikasahau kwamba nimelowa. Huyu jamaa ni mtoto wa mchinjaji, kazaliwa mji wa bandari, ana masikio kama ya tembo. Siku moja waziri alimwita karamuni kwake aimbe wimbo wa mapenzi. Gaspard akasimama, akaimba habari za mbwa wa waziri: mbwa anakula nyama asubuhi, na kuli wa bandarini anakula harufu. Waziri yuko pale, mbwa yuko pale, wake za mabalozi wako pale. Walimpiga marufuku redioni, wakamfunga majuma kadhaa. Alipotoka wakataka kumnyamazisha kwa nishani. Akaipokea, akaenda nayo sokoni, akamvisha punda wa muuza maziwa.

Nimerudi nyumbani nikikimbia. Ninajua la kufanya siku ya D.O.

Jumapili, 20 Machi

Ngandu alisema Gaspard alikuwa anaimba bila viatu. Nimefanya mazoezi bila viatu. Nimekanyaga msumari.

Jumanne, 29 Machi

Mvua ya usiku na mchana. Choo cha plot ya jirani kimeanguka na hakuna aliyekuwa ndani, Mungu yupo.

Khamala amekuja na ngoma yake na kuniuliza wimbo wa sifa umefika wapi. Nikamwambia uko karibu. Ukweli ni kwamba nimejaribu kweli, nione tu kama ninaweza. "Chifu wetu ni mwerevu," nikaishia hapo, kwa sababu neno linalofuatana vizuri na mwerevu ni mrefu, naye kimo chake ni cha jerikeni.

Tulipoanza kupiga, mwenye plot aligonga ukuta kwa bakora. Huyo ni Mama Mabrouka, Mnubi. Baba yake alikuwa askari wa Mwingereza, na kipande hiki cha Kibera alipewa yeye kabla sisi wengine hatujajua Nairobi iko wapi. Mama Mabrouka mwenyewe ni kizee kikavu, macho ya kunguru. Anachukia gita, anachukia Khamala, na mimi ananiita yule wa maji kana kwamba sina jina. Kama Chifu akitafuta mke wa pili nitampelekea huyu.

Jumamosi, 2 Aprili

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Nilikwenda kwa Ngandu nikamwambia mpango wangu wote: siku ya D.O. nitasimama pekupeku na badala ya sifa nitaimba "Mwavuli". Nilitegemea atanipigia makofi. Akaniuliza yule mbwa wa waziri aling'ata nani. Sikuelewa. Akanieleza kwamba Gaspard hakuwa peke yake karamuni. Palikuwa na mpiga kodiani wake, Émile, mtu wa watoto wanne, ambaye hakuambiwa kwamba wimbo umebadilishwa. Gaspard alifungwa, akatoka, akawa mkubwa kuliko waziri. Émile hakufungwa. Alifutwa tu redioni, na kila ukumbi ukamfungia mlango, akamaliza maisha yake akisukuma mikokoteni bandarini. Gaspard hakuwahi kwenda kumwona.

Nikamwambia Ngandu basi huyo Gaspard ni takataka.

"Ulitaka mutakatifu?" akasema. "Batakatifu habaimbi vizuri, mudogo."

Nimetembea mpaka nyumbani polepole. Mathe alikuwa bado mezani kwake, amejifunika nailoni, anapanga nyanya tatu tatu. Akaniuliza mbona nina uso wa mtu aliyekunywa dawa ya mifugo.

Ijumaa Kuu, 8 Aprili

Gaspard Lemoine amekufa. Ngandu ameisikia kwenye redio yake ya masafa mafupi. Maini, wamesema. Nimemkuta amekaa kitandani na viatu vyake vya jukwaani miguuni, hajanyoa, gramafoni imefungwa. Sikujua mtu anaweza kumlilia mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Aliniambia kitu kimoja. Alipokuwa kijana kwao alilazimishwa kupiga gita kumsifu bwana mkubwa mmoja, akapiga, akala, akashiba. Usiku wa pili akasikia Gaspard kwa mara ya kwanza kwenye redio ya jirani. Wiki ile ile akavuka mpaka. Akasema hapa Nairobi amelia misiba ya watu wengi, lakini kwa huyu hajui aende nyumba gani, maana hata ubalozi hawawezi kumfungulia mlango.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimepata akili kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na nilizipata nyingi.

Chifu anaweza kukataza harusi, ngoma, mkutano wa klabu ya mpira. Matanga hawezi. Hakuna mtu hapa Kibera aliyewahi kuomba ruhusa ya kulia. Na kwetu magharibi mtu akifa mbali, majini au vitani, mwili usipatikane, unakatwa mgomba, unavishwa nguo, unaliliwa na kuzikwa kama mtu. Tutamfanyia Gaspard matanga. Na matangani huimbwa nyimbo alizozipenda marehemu. Nani atajua alizipenda zipi?

Khamala alicheka mpaka akakaa chini. Tukashuka mtoni kwenye migomba, tukakata mmoja, tukaupandisha na mkokoteni wangu tukiimba, tukausimamisha mlangoni pa plot. Watu wakaanza kuuliza bibi harusi ni nani. Mama mmoja akapiga vigelegele.

Mathe akatoka ndani.

Sitaandika yote aliyosema. Alisema mgomba wa kusimama mlangoni ni wa kupokea wageni, wa maiti hulazwa, na hata mtoto wa chekechea kule kwetu anajua, ila huyu wake aliyezaliwa karibu na reli. Akasema mgomba wa matanga si kikaragosi. Anayeulaza anakuwa ndugu wa yule mtu, na anapaswa kusimama na kueleza maisha yake mazuri na mabaya, na akificha baya marehemu harudi kwao. Akaniuliza huyu mtu ni nani wetu. Akaukata ule mgomba vipande vipande kwa panga la kukatia sukuma wiki.

Jioni Mama Mabrouka akatuma mtu kuuliza nani ameiba mgomba wake.

Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili

Sijala. Si kwa hasira, hakukupikwa.

Jumatano, 13 Aprili

Nimemwambia mathe yote: wimbo wa sifa, D.O., meza. Nilidhani atalia. Aliendelea kumenya maharagwe, kisha akauliza kama Chifu alitabasamu alipokuwa anasema hayo. Nikasema ndio. Akasema, "Alinitabasamia mimi pia, mwaka jana, kwa ajili ya meza hiyo hiyo."

Hakunieleza zaidi. Akaniagiza nimlete Ngandu. Nilimtoa Kawangware amevaa kofia yake nzuri, akakalishwa kwenye kigoda, na mathe akamhoji kama hakimu. Ulimpenda huyu mtu? Alikuwa na watoto? Wamemzika? Alimkosea nani? Ngandu akajibu kila swali, akafika mpaka kwa Émile. Mathe akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mtu asiye na pa kulilia asije akalilia njiani. Jumamosi, mchana, na ifanywe sawasawa. Kama Chifu ataondoa meza, mikono aliyopangia nyanya anayo bado.

Kilichobaki kilikuwa kiwanja, na kiwanja ni cha yule mwenye macho ya kunguru. Nikaenda kwa Mama Mabrouka nimejiandaa kutukanwa. Nikamwomba radhi kwa mgomba, nikamwomba mwingine, nikamwomba na uwanja. Akaniuliza huyo marehemu alifanya nini duniani. Nikamwambia aliwaimba wakubwa mpaka wakamfunga.

Yule mama akaweka bakora chini. Akasema wakati wa vita ya Hitler alikuwa ndiye mwimbaji wa doluka, ile ngoma ya wanawake wa Kinubi, na alimwimba mzungu mmoja wa serikali kwa jinsi alivyokuwa anatembea. Mzungu akamkataza kuimba. Yeye akaendelea mpaka mzungu akahamishwa. Akasema hagongi ukuta kwa sababu ya kelele za gita, anagonga kwa sababu Khamala anakimbiza ngoma.

"Mgomba kateni, lakini mambo yake sitayaingilia, hiyo si dini yangu," akasema. "Na msiuzike kwenye plot yangu. Lakini uwanja ni wangu, na mimi sijaomba ruhusa ya mtu tangu hapo."

Leo nimemwita Haboba, kama wajukuu wa Kinubi wamwitavyo nyanya yao. Hakukataa.

Jumamosi, 16 Aprili

Naandika nikiwa bado nimelowa.

Asubuhi tulikata mgomba na tukaupandisha njiani umelala. Hakuna aliyepiga vigelegele. Ngandu akavua koti lake jeupe la jukwaani, lile lenye vifungo vya dhahabu feki, akauvisha. Mathe akaufunga kitambaa penye kichwa. Ulipolazwa kwenye mkeka uani, chini ya turubai, niliutazama nikaacha kutania. Ulikuwa mtu.

Tulidhani watakuja kumi. Walikuja mpaka wakajaa uani, wakafunga njia. Wengine walikuja kwa sababu ni matanga na matangani mtu huenda. Mama mmoja alilia sana, na alipoulizwa akasema kaka yake alizama Budalang'i na hakuliliwa vizuri, basi analilia hapa hapa. Mvua ikawa inapiga mabati.

Ngandu akasimama kama ndugu wa marehemu. Alieleza maisha ya Gaspard kwa Kiswahili chake, mchinjaji, bandari, waziri, mbwa, punda. Kwa punda watu walicheka, na kwenye matanga ya kwetu hilo linaruhusiwa. Kisha akaeleza Émile na watoto wanne. Mzee mmoja nyuma akauliza kama Gaspard aliwahi kuomba msamaha. Ngandu akasema hapana. Mzee akasema basi na lisemwe hivyo, hakuomba. Likasemwa.

Ndipo nikaitwa niimbe wimbo wa marehemu. Nilikuwa nimetengeneza Kiswahili cha ule wa mbwa, nikauimba. Khamala hakukimbiza. Halafu mikono yangu ikaanza "Mwavuli" yenyewe. Nilimtazama mathe kwanza. Alikuwa amekaa miguu imenyooshwa kando ya mgomba, kama wafiwa wanavyokaa. Akatikisa kichwa mara moja, kuashiria endelea.

Uani wote wakaimba. Haboba Mabrouka akachukua kigoma chake cha udongo, akaingia katikati na beti zake za Kinubi, sikuelewa hata neno, lakini wanawake wa Kinubi waliziba midomo kwa leso.

Mutunga, askari wa Chifu, ndiye aliyefika kwanza. Akauliza huu ni mkutano wa nani. Haboba akamwonyesha mkeka. Mutunga ni Mkamba, hayajui ya migomba, lakini anajua kulia kukoje. Akarudi nyuma. Baada ya muda kidogo akaja Chifu mwenyewe, na mwavuli.

Sisi tulikuwa kwenye ubeti wa tatu, na hakuna aliyeacha. Aliingia na uso wa kufukuza watu. Akapita kati yetu mpaka mkekani. Akaona koti jeupe na kitambaa na majani yanayochungulia chini. Chifu ni mtu wa magharibi kama sisi. Akasimama. Akavua kofia. Halafu, sijui kama alijua anachofanya, akafunga mwavuli, kwa sababu mbele ya maiti hakuna anayejifunika.

Turubai lilikuwa limeishia pale aliposimama. Mvua ilimshukia kichwani, upara wake wote, ikaingia kwenye kola. Chifu ana mwavuli, sisi tuna mbingu. Hakuna aliyecheka. Alisimama pale mpaka wimbo ukaisha, akageuka, akaenda zake bila kuufungua.

Tulipokwenda kuuzika mtoni, mathe aliniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Anatoka kijiji kimoja na Chifu. Kaka yake Chifu alipotea Burma kwenye vita ya Mwingereza, na mgomba wake ulizikwa mathe akiwa msichana. Aliyeubeba alikuwa Chifu, kijana mdogo, peke yake, maana hakutaka kusaidiwa.

Nilitaka kumchukia leo kuliko siku zote. Imekuwa ngumu.

Jumatatu, 18 Aprili

Imekuwa rahisi tena. Alfajiri Mutunga na wenzake wameivunja meza. Mbao wamechukua, nyanya wamezitupa mtaroni. Mutunga aliniambia kando kwamba ameagizwa tu. Nikamwambia hata mbwa wa waziri hakujilisha mwenyewe. Hakuelewa, na mimi sikuwa na subira ya kutafsiri.

Alhamisi, 21 Aprili

Mathe anauzia mlangoni kwa Haboba. Wanunuzi ni majirani tu. Mboga zinanyauka.

Jumapili, 1 Mei

Mvua. Tumekula sukuma iliyobaki. Jana pia.

Alhamisi, 5 Mei

Chifu ameniita tena. Kiti hakunipa. Akasema ziara ya D.O. ni Jumamosi ijayo, na yeye si mtu wa kinyongo: nikiimba sifa, meza inarudi siku hiyo hiyo, tena mahali pazuri zaidi, karibu na kituo cha basi. Nisipoimba, mathe asahau kuuza kitu chochote Sarang'ombe, mlangoni au dirishani.

Nilirudi nikamweleza mathe, nikamwambia nitaimba. Nilisema kweli. Wimbo wa dakika tatu, nani amekufa kwa dakika tatu? Nilikuwa nimemfikiria Émile na mikokoteni njia nzima. Mpango wangu wa kuimba "Mwavuli" mbele ya D.O. niliukunja siku meza ilipovunjwa, maana Gaspard alijipatia jina kwa mgongo wa mwenzake, na mimi nisingemfanyia hivyo mathe.

Mathe akaweka chini kisu.

"Huyo Émile," akasema, "kosa la rafiki yake lilikuwa kutomwuliza. Wewe umeniuliza?"

Nikasema hapana.

"Basi niulize."

Nikamwuliza. Akasema niende nikamwambie Chifu kwamba Nasipwondi amekataa. Si Wabwire, Nasipwondi. Nikajaribu kubishana, mimi ambaye sijawahi kushindwa kwa maneno kutoka hapa mpaka 56, nikashindwa.

Jumapili, 15 Mei

Sikuandika kwa sababu nilikuwa ndani.

Ijumaa nilikwenda ofisini kwa Chifu, nikasema nilivyotumwa: Nasipwondi amekataa, na mimi namuunga mkono. Chifu akamwita Mutunga. Akasema mtu mwenye mdomo kama wangu asionekane na D.O., nikafungiwa kwenye chumba cha nyuma ya kambi ya askari mpaka ziara iishe. Ndani mlikuwa na mlevi mmoja na kuku aliyekamatwa kama ushahidi. Niliwaimbia wote wawili.

Jana mchana nilisikia kwaya fulani ya kukodishwa ikimsifu Chifu kwa kipaza sauti. Waliita jina lake kwa sauti nne. Nilikaa sakafuni nikajiona mjinga. Gaspard alifungwa kwa wimbo, na mimi nimefungwa kwa kukataa kuimba. Hata hiyo sikuifanya sawasawa.

Jioni Mutunga akafungua mlango, hanitazami usoni. Nje mathe alikuwa amesimama na sahani ya ugali imefunikwa, gauni lake la kanisani matope mpaka magotini, na Haboba Mabrouka kando yake, na Ngandu nyuma amebeba viatu vya wote watatu. Nikajua kuna kitu.

Mathe hakungoja nimalize kula. Akaanza kunihadithia. D.O. alipomaliza kuhutubia akauliza kama kuna mwenye swali, wanavyouliza siku zote, na huwa hakuna. Mathe akasimama. Huyu mathe wangu, ambaye kanisani hukaa kiti cha mwisho. Askari akamwambia akae. Haboba naye akasimama, ili wawe wawili wa kukalishwa. Mathe akasema jina lake, akasema anauza mboga, akasema meza yake imevunjwa kwa ajili ya wimbo. D.O. akauliza wimbo gani. Chifu akasema ni upuuzi, mzee. D.O. akasema asikie huo upuuzi.

"Nikausema," mathe akaniambia. "Sikuimba, mimi si mwimbaji. Nilisimama hivi." Akasimama hivi, mkono kiunoni, kidevu juu, barabarani, mbele ya kambi ya askari. "Nikausema polepole kama andiko. Na pale kwenye tumeshalowa nikamwonyesha D.O. miguu yangu."

Ngandu akasema mahali pote palikuwa kimya kiasi cha kusikia kipaza sauti kikikoroma. Haboba akasema si kweli, yeye alicheka. Mathe akasema walicheka wengi, tena wa mbele, tena kwaya. Akarudia tena kidevu kilivyokuwa. Akasema D.O. alimwandika kwenye karatasi akaahidi itaangaliwa, na yeye akamjibu kwamba anajua kuangaliwa kukoje. Hapo Ngandu akasema hilo hakulijibu. Mathe akasema alilijibu, ila kwa sauti ya chini.

Nilimtazama akijisifu pale njiani, anaongeza chumvi, anaikuza hadithi kila akiirudia, matope yanamkauka miguuni. Miezi hii yote nimekuwa nikitembea mpaka Kawangware kutafuta mdomo wa Mfaransa.

Jumatatu, 16 Mei

Mathe ameirudisha meza barabarani, mbao mpya, pale pale. Hakuomba. Mutunga amepita mara mbili akiangalia upande wa pili. Kesho sijui.

Jumatano, 18 Mei

Jua. Watu wameanza kunijua tena, nimeuza maji mpaka saa sita. Ngandu amekuja na kusema Gaspard, marehemu ndugu yetu, angemwoa mathe. Mathe akasema asingemkubali, mtu wa kutelekeza wenzake.

Nimetunga wimbo mpya, unaitwa "Nasipwondi". Nimemwimbia jioni mathe alipokuwa anafunga meza. Amesikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Halafu akasema sauti ni nzuri, ubeti wa kwanza ni mzuri, wa pili nimesema "mama yangu maskini".

"Hilo maskini litoe," akasema. "Hapo maskini ni nani?"

Nimelitoa.